Kwinoa mlimani Elgon: niliyojifunza kwa kupima mimea isiyofanana

Mgeni akifika kwenye shamba la majaribio ya kwinoa utamjua kwa pale anaposimama kupiga picha. Atapita mistari ya kijani bila hata kugeuza shingo, akifika kwenye masuke ya zambarau anatoa simu. Simlaumu. Kwinoa ikianza kuiva ina rangi ambazo ulezi na mtama wetu hauna: nyekundu, waridi, machungwa, manjano, krimu, na zambarau iliyokolea karibu na weusi. Lakini baada ya misimu mingi ya kushika rula na kibao kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wetu wa Uganda, rangi nimeiweka karibu na mwisho wa orodha. Kinachoamua kama zao hili litakaa hapa au litaondoka pamoja na mradi uliolileta ni mambo yasiyopigika picha vizuri: inakomaa lini, mbegu yake inaota au haioti ikiwa bado kwenye suke, ganda lake ni chungu kiasi gani, na shina linabaki limesimama au linalala baada ya mvua kubwa.

Mimi ni msaidizi wa utafiti wa shambani. Wataalamu wa jenetiki huja na kuondoka; sisi wengine tunabaki na kamba, vigingi na vibao vya namba. Kabla ya kwinoa nilikuwa kwenye ulezi na mtama, kwa hiyo bahasha za mbegu ziliponifikia nilijua angalau maadui wawili wa kutarajia, ndege na mvua isiyo na ratiba. Huku kwetu, kuanzia Kapchorwa hadi Bukwo na mpakani Suam, watu wanalima mahindi, shayiri ya kiwanda cha bia, viazi, vitunguu na kahawa. Kiswahili ndicho cha shambani na sokoni, maana lori la mahindi linaelekea Kitale, Kenya, na mnunuzi hana muda wa kujifunza Kisebei.

Kwinoa yenyewe, ambayo mbegu zake huliwa kama nafaka, ni ya milima ya Andes, Amerika Kusini. Ililimwa maelfu ya miaka kuzunguka ziwa Titicaca, kwenye nchi ambazo leo ni Peru na Bolivia, kabla Ulaya haijasikia habari zake. Ni jamii moja na mchicha, ule tunaouita dodo, na pia na spinachi. Si nafaka ya nyasi kama mahindi au ngano. Umoja wa Mataifa uliutangaza 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kwinoa, bei ikapanda duniani, na kila mwenye mradi wa kilimo Afrika Mashariki akataka kuijaribu. Kufikia 2015 bei ilikuwa imeshaporomoka na baadhi ya waliokuja kwa ajili ya bei wakafunga virago. Nadhani hilo lilitusaidia. Kelele zilipopungua, tukapata nafasi ya kuuliza swali ambalo lingepaswa kutangulia, yaani kwinoa ipi hasa.

Maana kwinoa si moja. Wataalamu huigawa katika makundi matano kufuatana na mahali ilikozoea: ya mabondeni, ya nyanda za juu za altiplano karibu mita 3,800 na zaidi, ya majangwa ya chumvi kusini mwa Bolivia, ya usawa wa bahari kule Chile, na ya misitu ya joto inayoitwa yungas. Ya mabondeni hurefuka kupita kimo cha mtu na kuchelewa. Ya altiplano ni fupi na inastahimili baridi. Ya chumvi ina mbegu kubwa nyeupe na ganda chungu. Benki za mbegu za dunia zina sampuli zaidi ya 16,000 za kwinoa na ndugu zake wa mwituni, na katika hizo utakuta mmea wa sentimita 50 na mmea wa mita mbili na nusu, mmoja unakomaa kwa siku 90, mwingine unapita siku 200. Sisi tulipewa kapu dogo tu kutoka humo. Zilikuwemo za Bolivia na Peru, za Chile, na hata zilizopitia Denmark. Hiyo ya Denmark iliwachekesha sana vibarua: inaitwa Titicaca, jina la ziwa la Andes, ila imechaguliwa na kutunzwa kwa Wazungu wa baridi, halafu inakuja kupandwa Bukwo. Mzee mmoja aliyekuwa akichimba mitaro alisema hata sisi tuna ng'ombe wa namna hiyo.

Kwa upande wa mwanga, hatuna tatizo. Kwinoa nyingi, hasa za karibu na ikweta, ni mimea ya siku fupi, yaani hutoa maua mchana usipokuwa mrefu, na siku zetu ni za saa 12 mwaka mzima. Ugomvi wetu ni maji. Kusini mwa Bolivia kwinoa hukua mahali ambapo mvua ya mwaka haifiki milimita 300. Miteremko ya Elgon inapata mara nne ya hapo au zaidi. Kwa hiyo tulikuwa tukiukaribisha mmea uliozoea ukame, tukaulaza kwenye mojawapo ya sehemu zenye maji mengi Uganda, na kutarajia utoe siri zake zote. Na kweli ulizitoa, nyingine mbele ya macho yetu.

Kupima ni kazi ya kuinama. Kuna mwongozo wa vielezi vya kwinoa uliotolewa 2013 na shirika la Bioversity International, FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) na washirika wao wa Bolivia, unaosema kila sifa ipimwe vipi na katika hatua gani ya ukuaji. Unahesabu meno kwenye ukingo wa jani, unaangalia kama jani lina umbo la pembetatu au la almasi. Unafunua kwapa la jani, pale kikonyo kinapoungana na shina, kuona kama pana doa la waridi. Unaangalia kama shina lina michirizi. Ua lenyewe ni dogo kuliko kichwa cha pini, na kwenye suke moja yapo maua yenye jinsia zote mbili na mengine ya kike tu. Ukitaka kuyatofautisha lazima upige magoti, uwe na lenzi, na uwe umefika kabla jua halijawa kali, kwa sababu baada ya saa nne macho yako yenyewe yanaanza kutoa machozi.

Takwimu tunaingiza kwenye simu kwa programu ya Field Book. Kabla yake tulitumia makaratasi, na mvua ya mchana ya Elgon haina heshima kwa makaratasi. Hata hivyo programu haikumaliza tatizo la macho. Watu wawili wakipewa shamba moja, mmoja ataandika "waridi" pale mwenzake anapoandika "nyekundu", na suke lenyewe wiki mbili baadaye limegeuka machungwa. Suluhisho letu lilikuwa la kawaida tu: mtu mmoja anapima sifa moja kwenye marudio yote, yaani vipande vyote ambako sampuli zile zile zimerudiwa, kuanzia kigingi cha kwanza hadi cha mwisho, hata kama itamchukua siku nzima na mwenzake amekaa. Akikosea, amekosea kwa kipimo kile kile kila mahali, na tofauti kati ya mimea inabaki kuwa ya kweli.

Rangi ina ulaghai mwingine. Inatokana na betaleini, kundi la rangi lile lile linalofanya biteruti kuwa nyekundu, na inaongozwa na jeni chache. Jeni chache zikibadilika, ndugu wawili wa karibu wanaonekana wageni kabisa, na wageni wawili wanavaa sare. Tulipokata vipande vya majani kwa kitoboleo, tukavikausha kwa jeli ya silika na kuvipanga kwenye sahani za matundu 96 kupeleka maabara, nilikuwa nimeshayapanga makundi kichwani: mekundu huku, meupe kule. Majibu yaliporudi, mpangilio ulifuata zaidi asili ya mbegu. Za pwani ya Chile zilikaa pamoja, za nyanda za juu zikakaa pamoja, na ndani ya kila kundi rangi zilikuwa zimechanganyika. Hiyo si ajabu ya kwetu. Watafiti wengi wamekuta mgawanyiko huo wa pwani na nyanda za juu. Lakini kuuona kwenye mimea uliyoishika kwa mkono kunakufanya uache kuiamini kamera.

DNA ya kwinoa ina historia yake. Mmea una kromosomu 36, zilizotoka kwa mababu wawili tofauti waliochanganyika mamilioni ya miaka iliyopita: mmoja wa ukoo wa Amerika, wa pili wa ukoo ambao ndugu zake wa leo wako Ulaya na Asia. Timu ya kimataifa iliyoongozwa kutoka chuo cha KAUST, Saudi Arabia, ilichapisha ramani ya jenomu, yaani DNA yake yote, 2017 ikitumia mmea wa pwani ya Chile. Kwa mfugaji wa mbegu, yaani anayezalisha aina mpya, maana yake ni kwamba jeni nyingi ziko katika nakala mbili, moja kwa kila babu. Ukiharibu nakala moja, nyingine mara nyingi inafanya kazi na wewe huoni kitu shambani. Ndiyo maana tofauti nyingi za kwinoa zimejificha, na ndiyo maana kupima kwa macho peke yake hakutoshi.

Hata kupima kwa rula hakutoshi ukipima mara moja. Kwenye kipande kimoja tulichokodi palikuwa na zizi la zamani la ng'ombe ambalo hakuna aliyetuambia. Sampuli iliyoangukia pale ilifika kifuani mwangu, na mbegu zile zile, kutoka bahasha ile ile, upande wa pili wa shamba zilikuwa magotini. Angekuwa mkulima ndiye anachagua kwa jicho, angechagua samadi akidhani amechagua mbegu. Ndiyo sababu kila sampuli inarudiwa sehemu kadhaa, na aina linganishi moja inayojulikana inapandwa tena na tena katikati ya nyingine, ili tujue ni kiasi gani cha tofauti kinatoka kwenye damu ya mbegu na kiasi gani kinatoka kwenye udongo. Siku za kutoa maua zinarithika vizuri: mmea wa mapema ni wa mapema zizini na nje ya zizi. Uzito wa mbegu elfu moja nao hautikisiki sana. Mavuno kwa hekta ndiyo kigeugeu mkubwa, na cha kuchekesha ni kwamba wafadhili wote huuliza mavuno kwanza.

Sasa niseme kuhusu mvua, maana hapo ndipo tulipojifunzia.

Mbegu ya kwinoa karibu haina usingizi. Mbegu ya mimea mingi ikikomaa inahitaji muda kabla haijakubali kuota. Hii ikipata unyevu siku mbili tatu inaamka pale pale ilipo. Msimu mmoja mvua iligoma kukata wakati ambapo nusu ya shamba lilikuwa limekauka tayari kwa kuvuna. Ilinyesha jioni, asubuhi ukungu, mchana jua kidogo, jioni tena. Nilipoingia nikashika suke mojawapo kubwa, zito, la zile ambazo wageni walikuwa wamezipiga picha, nikalifikicha kwenye kiganja. Kati ya mbegu zilizobaki mkononi, nyingi zilikuwa zimetoa kimkia cheupe, chembamba, kilichojikunja kuzunguka mbegu. Nikafikicha lingine. Hivyo hivyo. Kwa nje suke lilikuwa zuri kabisa. Ndani lilikuwa kitalu cha miche.

Siku ile tuliacha kazi nyingine zote tukapita kila mstari tukifikicha na kuhesabu. Hapo ndipo sampuli zilipoachana waziwazi kuliko siku yoyote ya rangi. Zile zenye masuke yaliyoshikana, ambayo kila kitawi kimekumbatia kingine, zilikuwa zimeoza au kuota ndani. Zile zenye masuke yaliyolegea, yenye vitawi vinavyoning'inia na kupepea, zilikuwa zinakauka upesi mvua ikipumzika, na mbegu zake nyingi zilikuwa salama. Na za mapema, zile fupi ambazo hakuna aliyezitazama, zilikuwa ghalani. Tulizivuna kabla mvua haijakaza. Mavuno yake hayakuwa makubwa, lakini yalikuwa mavuno. Mimea mirefu iliyochelewa, ambayo katika takwimu za nchi zenye ukame ingeongoza, ilitupa chakula cha kuku.

Tangu hapo nikipewa orodha ya sampuli, safu ya kwanza ninayoifungua ni siku za kukomaa. Baada ya hapo natazama jinsi suke lilivyoshikana. Mavuno nayaangalia mwisho, na ni kati ya zile tu zilizopita hapo. Naona hata wafugaji wetu wa mbegu wamehamia huko, ingawa wao wanaliita kwa majina marefu zaidi.

Masuke yaliyoshikana yana kosa jingine, yanahifadhi umande, na umande ni rafiki wa ubwiri vinyoya. Huo ndio ugonjwa mkubwa wa kwinoa popote penye unyevu. Juu ya jani unaona doa la manjano au la waridi, ukiligeuza unakuta chini yake utando wa kijivu unaoelekea zambarau. Tunachukua majani ya chini, ya kati na ya juu ya mmea, tunakadiria ni asilimia ngapi ya jani imeshikwa. Baadhi ya sampuli zilipukutisha majani yote kabla ya kutoa maua. Nyingine zilishikwa kidogo tu zikaendelea na safari. Nyingi ya zilizodhurika vibaya, kwetu, zilikuwa za kule kwenye ukavu, jambo ambalo halihitaji mtaalamu kulieleza: kama hujawahi kuishi na adui, hujajifunza kumpiga.

Tulikuwa na kipande kingine bondeni, upande unaoelekea Karamoja, ambako joto ni jingine kabisa. Huko mvua haikuwa shida. Shida ilikuwa jua. Kwinoa ikikutana na joto linalopita nyuzi 35 wakati wa maua, chavua hudhoofika na suke linajaa makapi. Unaweza kuwa na mmea wa kijani, wenye afya, suke limejaa, ukipura unapata upepo. Cha kushangaza ni kwamba baadhi ya zile za pwani, zilizokuwa za kawaida tu mlimani, zilipanda ngazi bondeni, na baadhi ya zilizoongoza mlimani zilishika mkia. Hakuna mshindi mmoja wa Uganda nzima. Atakayekuja kukuuzia mbegu moja ya kwinoa kwa Kabale, Bukwo na Moroto, mshukuru kisha endelea na shughuli zako.

Halafu kuna uchungu. Ganda la kwinoa lina saponini, kemikali chungu inayotoa povu kama sabuni, na njia yetu ya kuipima ni rahisi kiasi kwamba watoto wa shule wakija wanaililia. Unaweka nusu gramu ya mbegu kwenye neli ya kioo, unaongeza mililita tano za maji, unafunga, unatikisa kwa nguvu sekunde 30. Unaacha itulie, unatikisa tena, unaacha, unatikisa mara ya mwisho, unasubiri dakika chache, halafu unapima kimo cha povu kwa rula. Kwinoa tamu inatoa mapovu machache yanayopasuka upesi. Kwinoa chungu inatoa povu jeupe, zito, lenye kusimama, sawasawa na la sabuni ya kufulia. Ukizipanga neli ishirini kwenye kibao utaona ngazi nzima, na hakuna kitu kwenye maabara yetu ndogo kinachoonyesha tofauti za kurithi waziwazi namna ile.

Sokoni wanataka tamu. Chungu lazima ikobolewe au ioshwe maji mengi hadi povu liishe, na maji mlimani kiangazi yanabebwa kichwani. Kwa hiyo lengo la mradi liliandikwa bila mjadala kwamba ni kutafuta tamu. Tulipoanza kuwapa wakulima vipande vidogo wajaribu wenyewe, mama mmoja anayelima juu ya Bukwo alikuja kunitafuta ofisini akiwa na masuke mawili kwenye mfuko.

"Bwana shamba," akaniambia, "tazama hii."

Suke la kwanza lilikuwa limebaki vijiti. La pili lilikuwa limejaa.

"Ndege, mama?"

"Ndege. Hii yenye povu wameiacha. Ile yako tamu umewalimia wao."

Nikamweleza habari za kuosha, maji, soko. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mihogo michungu watu wanailoweka siku tatu na wanakula. Mimi nikiwa na kitu ghalani nitajua namna ya kukiosha. Nikiwa sina, nitaosha nini?"

Nilikuwa nimesoma kwamba saponini huwafukuza ndege. Kusoma ni jambo moja. Yule mama alikuwa ameshafanya hesabu ya gharama: siku za mtoto kukaa shambani na manati badala ya kwenda shule, dhidi ya ndoo kadhaa za maji baada ya mavuno. Kwake uchungu ni mlinzi asiyelipwa mshahara. Kwa mnunuzi wa Kampala uchungu ni kasoro. Ni sifa ile ile moja, jeni zile zile, na zao moja haliwezi kuwapendeza wote wawili. Kikao cha mradi kilichofuata niliisimulia hadithi hii. Wengine walicheka, mmoja akaandika. Msimu uliofuata kwenye orodha ya mimea ya kuendelea nayo palikuwa na safu mbili badala ya moja.

Majani nayo hayamo sana kwenye mwongozo, angalau si kwa namna wanawake wa hapa wanavyoyatazama. Wakati wa kupunguza miche, ile iliyong'olewa haikuwa inatupwa. Ilikuwa inakwenda nyumbani kama mboga. Baada ya muda nikagundua vibarua wana mistari wanayoipenda, wanapunguza mingi huku na kidogo kule. Nikauliza. Wakanionyesha zile zenye jani laini linaloiva haraka na zile zinazobaki na ukakasi hata ukiongeza karanga. Sifa hiyo niliiongeza kwenye daftari langu mwenyewe, safu ya pembeni, bila kumwomba mtu ruhusa. Palizi nayo ilihitaji uangalifu, maana mche wa kwinoa na magugu ya jamii yake yanafanana mno wiki za mwanzo. Tulipanda kwa mistari iliyonyooka ili chochote nje ya kamba kiondolewe bila maswali.

Jambo ambalo vijana wanaoanza kazi hii huwachanganya ni kukuta ndani ya sampuli moja, namba moja, mimea ya sura tatu. Wanadhani mbegu zimechanganywa kwa uzembe. Mara nyingine ni kweli, lakini mara nyingi ndivyo zilivyo. Mkulima wa Andes hakuwa na haja ya shamba la sare. Tena kwinoa, ingawa kwa sehemu kubwa inajichavusha yenyewe, huchavushwa na majirani kwa kiasi. Watafiti wengi wametaja asilimia 10 hadi 17. Ukiacha sampuli zako zikae bega kwa bega misimu kadhaa bila kinga, baada ya muda unazo namba nyingi na kitu kimoja. Kwa hiyo mimea tuliyochagua tunaivisha mifuko ya kaki kabla maua hayajafunguka, tunaifunga kwa chini isibane shina, na tunapita kila mara kuangalia vidukari, kwa sababu ndani ya mfuko vinafanya sherehe. Mbegu ikikauka inahifadhiwa mahali pakavu na pa baridi. Kwenye rafu ya ofisi yenye joto na unyevu, kwinoa hupoteza uwezo wa kuota upesi kuliko nafaka tulizozoea.

Sasa tupo kwenye kuchanganya. Mama tumemchagua wa kijani, mfupi, wa mapema, mwenye suke lililolegea, mmoja wa wale walioponea mvua ile. Baba ni tamu, mwenye shina jekundu. Wekundu tumeutaka makusudi, na hiyo ndiyo kazi pekee ya maana niliyowahi kuipa rangi: wekundu unashinda ukijani, kwa hiyo mche ukiota na shina jekundu kutoka kwa mama wa kijani, ujue uchavushaji umekubali. Ukiwa kijani, mama amejichavusha na unang'oa. Kutoa vichavusho kwenye ua la ukubwa ule kwa kibano, huku umeshika pumzi, ni kazi ninayowaachia wasichana wawili wa timu yetu ambao mikono yao haitetemeki.

Utamu wenyewe unahitaji subira zaidi, kwa sababu saponini iko kwenye ganda, na ganda la mbegu hutengenezwa na mmea mama, si na kiinitete kilichomo ndani. Pia uchungu unatawala utamu. Kwa hiyo mbegu ya mchanganyiko huwezi kuihukumu kwa ganda lake mwenyewe. Unaipanda, na watoto wote wanazaa chungu. Unapanda tena, unafika kwa wajukuu, unavuna kila mmea peke yake kwenye bahasha yake, na hapo ndipo unarudi kwenye neli na kutikisa. Mahesabu yanasema karibu robo ya wajukuu watatoa mbegu tamu. Hao ndio mradi unaowasubiri. Yule mama wa Bukwo nimeshamweleza mpango mzima, na ameomba atunziwe zile robo tatu zinazobaki.